Tangi la Samaki la Kujitengenezea kwa Gharama Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu tangi la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. La maji ya bahari lina vifaa vyake na gharama zake, na mtu anayebana matumizi hana sababu ya kuanzia huko. Kwa kifupi, bana kwenye kioo, meza, taa na mapambo. Usibane kwenye silikoni, chujio na muda.

Nianze na tangi la ukubwa gani?

Lita 40 hadi 60. Wengi hudhani dogo ndilo rahisi kutunza, kumbe ni kinyume chake. Samaki anakula, ananya na kupumua ndani ya maji yale yale, na maji machache huharibika haraka kuliko unavyoweza kuyafuatilia. Lita 5 ukizisahau siku mbili unakuta samaki anaelea. Lita 50 zinakuvumilia. Hata joto hupanda na kushuka taratibu zaidi maji yakiwa mengi. Ukivuka lita 100, kioo kinahitaji kuwa kinene, meza inahitaji kuwa imara, na bei inaruka.

Bakuli la duara lile la kwenye katuni liache huko huko kwenye katuni. Mdomo wake mwembamba unapunguza eneo la maji linalogusana na hewa, na oksijeni huingilia hapo.

Kutengeneza na kununua lililotumika, kipi nafuu?

Mara nyingi lililotumika, tena kwa mbali. Kutengeneza kunalipa ukipata vipande vya kioo vilivyobaki kwa fundi, au ukitaka kipimo cha kuingia mahali fulani. La mtumba likague kwanza: angalia kama silikoni imebanduka pembeni na kama kioo kimemeguka ukingoni, halafu lijazwe maji mahali palipo sawa na likae siku nzima. Muuzaji akikataa lisijazwe, usilinunue.

Hakuna njia rahisi kuliko kioo?

Ipo: kontena kubwa la plastiki au beseni pana. Halivuji, halihitaji gundi, na gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, wanaishi humo vizuri tu. Utawatazama kutoka juu, jambo ambalo si ajabu. Wachina waliozalisha samaki wa dhahabu waliwatazama hivyo kwa karne nyingi kabla kioo hakijaingia kwenye habari hii. Kuta zikivimba, punguza maji. Chombo kisiwe kimewahi kubeba dawa ya wadudu, mafuta ya mashine wala sabuni, maana plastiki hunyonya na baadaye hurudisha.

Kioo kiwe na unene gani?

Kinachoamua zaidi ni kimo cha maji, kuliko idadi ya lita. Maji husukuma kwa nguvu zaidi kadiri unavyokwenda chini. Chukua kioo cha mbele chenye urefu wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 30: maji yakijaa, msukumo wote juu yake ni kama uzito wa kilo 27. Acha urefu ule ule, kimo ukifanye 60, msukumo unafika kilo 108. Kimo kimeongezeka mara mbili, msukumo mara nne. Kwa hiyo tangi la gharama ndogo ni pana na haliendi juu sana, na kwa bahati nzuri samaki nao wanapenda hivyo, kwa sababu wanaogelea kwenda mbele zaidi ya kupanda na kushuka.

Kwa kimo cha sentimita 30 na urefu wa 60, milimita 6 zinatosha. Ukienda kimo cha 45 na urefu wa 90, tumia milimita 8 hadi 10. Kioo cha kawaida cha dirisha kinafaa. Kile cha usalama kilichoimarishwa kwa moto hakikatwi. Fundi akikigusa na kikatio kinasambaratika chote vipande vidogo vidogo.

Nimpe fundi vioo vipimo gani?

Tuseme unataka tangi la 60 kwa 30 kwa 30, kioo cha milimita 6. Kitako: 60 × 30. Mbele na nyuma: viwili vya 60 × 30, vinavyosimama juu ya kitako. Vya ubavuni ndipo watu wanapokosea. Hivyo vinaingia katikati ya kile cha mbele na cha nyuma, kwa hiyo toa unene wa vioo viwili, yaani sentimita 1.2, kisha toa milimita 2 nyingine za nafasi ya silikoni, moja kila upande. Unabaki na 28.6 × 30, viwili. Ukijaza hadi sentimita 27 utapata takriban lita 45, kabla ya kuweka mchanga.

Mwombe akate vipande vinavyolingana kwa mpigo mmoja. Tofauti ya milimita moja silikoni inaifunika, ya milimita tatu haiifuniki.

Silikoni gani, na inapakwaje?

Silikoni tupu, asilimia 100, ile inayonuka siki inapokauka, na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Nyingi za bafuni na jikoni zina dawa hiyo, na kinachoua ukungu kinaweza kuua samaki. Soma tyubu. Hapa usitafute cha bei ya chini. Tyubu moja ya mililita 300 inatosha tangi la lita 50 na kubaki.

Sugua kingo za vioo kwa msasa uliolowa maji ili zisikukate. Futa sehemu zote za kugundishwa kwa spiriti, na baada ya hapo usiziguse tena kwa vidole, maana mafuta ya mkono huzuia silikoni kushika. Bandika utepe wa karatasi sambamba na kila kiungo, kwa ndani, milimita 6 hivi kutoka ukingoni. Laza kitako, toa mstari mmoja wa silikoni usiokatika, simamisha kioo cha nyuma, kisha vya ubavuni, mwisho cha mbele. Uwe na mtu wa kushikilia. Bonyeza mpaka silikoni ijae kwenye kiungo bila mapovu, lakini usikamue yote itoke. Kitu kama milimita moja lazima kibaki kati ya kioo na kioo, kwa sababu ule utando ndio unaobeba mzigo.

Halafu pitisha mstari wa pili ndani ya pembe zote, ulainishe kwa kidole kilicholowa maji, na ubandue utepe papo hapo. Ukingoja dakika 10, silikoni itakuwa imeshaota ngozi na itabanduka pamoja na utepe.

Baada ya hapo kaa nalo mbali. Masaa 48 ni kima cha chini. Wiki moja ni bora. Silikoni hukauka kwa unyevu ulio hewani, kwa hiyo usiianike juani wala kuipulizia feni ya moto ukidhani unaiharakisha. Harufu ya siki ikiisha kabisa, ndipo ulipeleke nje, ulijaze, na uliache siku mbili na karatasi kavu chini yake. Karatasi ikilowa utajua ni wapi.

Limevuja. Niongeze silikoni juu ya ile ya zamani?

Haitashika. Silikoni mpya haishikamani vizuri na iliyokwisha kukauka. Mwaga maji, kausha, kata kwa wembe mstari wote wa ndani, futa kwa spiriti na upake upya kuzunguka pembe zote.

Tangi liwekwe juu ya nini?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Lile la mfano wetu, likiwa na kioo, mchanga na maji, linazidi kilo 60, na halipumziki hata siku moja. Meza ya kawaida ya mbao laini itapinda katikati, na kitako cha kioo hakipindi, hupasuka. Matofali ya saruji pande mbili na ubao mnene juu yake ni kiti kizuri kuliko samani nyingi za duka. Tandika chini kipande cha povu jembamba kumeza mabonde madogo. Epuka mahali jua linapopiga, la sivyo utafuga mwani.

Naweza kutengeneza chujio mwenyewe?

Ndiyo, na hili ndilo eneo ambalo la kujitengenezea halizidiwi sana na la dukani. Unahitaji pampu ndogo ya hewa, mrija wake, sifongo, na kipande cha bomba jembamba la plastiki.

Kata bomba lifikie karibu na uso wa maji. Toboa matundu upande wa chini, kama sentimita 8 za mwisho, kisha ulivalishe sifongo yenye tundu katikati ili ifunike matundu yote, na chini uzibe. Pitisha mrija wa hewa kwa juu, ndani ya bomba, ushuke mpaka karibu na kitako. Funga jiwe safi chini lisielee. Ukiwasha, viputo vinapanda na kubeba maji juu, na maji mengine yanalazimika kupita kwenye sifongo kujaza nafasi. Hakuna mota inayozunguka ndani ya maji, kwa hiyo hakuna cha kuungua wala cha kumeza vifaranga vya samaki.

Sifongo isiwe ya vyombo yenye dawa ya kuua vijidudu. Kazi yake hasa ni kuwa nyumba ya bakteria; kunasa uchafu ni kazi ya ziada. Ndiyo maana haioshwi kwa maji ya bomba wala sabuni: ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, mara mbili tatu, urudishe.

Pampu ikae juu kuliko uso wa maji, au uweke valvu ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikatika maji hurudi kupitia mrija, na pampu iliyo chini itayapokea pamoja na soketi yake.

Na umeme ukikatika muda mrefu?

Chota maji kwa jagi uyamwage tena kutoka juu, mara kadhaa kila baada ya muda, na usiwalishe. Samaki wakibanana juu wanahema, hawana hewa. Maji ya moto ndiyo hatari zaidi: kwa nyuzi 20 maji hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, kwa nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Pampu ndogo ya betri ni ununuzi wa busara kama umeme wenu si wa kutegemewa.

Tukiwa bado kwenye umeme: kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni. Chomoa vyote kabla ya kutia mkono majini.

Mchanga na mawe naokota tu?

Okota. Mchanga uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe, kazi inayochosha kuliko unavyofikiri. Mawe yadondoshee siki. Yakitoa povu yana chokaa, na yatayafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi, polepole. Kwa gapi hilo si tatizo, kwa samaki wapendao maji laini ni tatizo. Usiokote karibu na mashamba yanayopigwa dawa. Magamba ya baharini na vyuma, hapana.

Maji ya bomba yanafaa?

Yanafaa baada ya kuondoa klorini, ile dawa ya kuua vijidudu. Ikiwa mamlaka ya maji hutumia klorini peke yake, acha maji kwenye ndoo wazi masaa 24 na itatoroka. Ikiwa hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hata ukingoje wiki haitatoka yote. Itabidi ununue dawa ya kuondoa klorini, ambayo huwekwa matone machache na chupa ndogo hudumu. Uliza wanaokuletea maji ni ipi. Maji ya kisima hayana klorini, ila yapime kwanza. Maji ya mvua ni laini mno kutumika peke yake, changanya.

Tangi liko tayari, maji ni meupe kabisa. Kwa nini nisitie samaki leo?

Hapa ndipo samaki wengi wa watu wanaoanza hufia, na hufa ndani ya maji yanayong'aa. Weupe wa maji hauelezi kitu. Mavi ya samaki, pumzi zake na chakula kilichobaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi, na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina makundi hayo. (Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja bakteria aitwaye Nitrobacter kama mfanyakazi wa hatua ya pili, lakini utafiti uliochapishwa 1998 ulionyesha kuwa kwenye matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa zaidi na bakteria mwingine, Nitrospira.)

Kuwapata kunachukua wiki 4 hadi 6. Washa chujio, kisha uwape bakteria chakula: ama amonia ya maji isiyo na manukato wala sabuni, kiasi cha kufikisha miligramu 2 kwa lita, ama punje chache za chakula cha samaki kila siku, zioze. Pima kwa vipimo vya matone. Mwanzoni amonia iko juu. Halafu inashuka, nitriti inapanda kwa fujo, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani wameharibu. Hamjaharibu. Ukiweka amonia ya miligramu 2 kwa lita leo, na kesho saa kama hii ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi limeiva. Badilisha maji mengi, kisha kanunue samaki.

Njia ya mkato ya kuaminika ipo, nayo ni ya bure: mwombe mwenye tangi la siku nyingi na samaki wazima akupe kipande cha sifongo yake iliyotumika. Isafirishwe ikiwa imelowa. Kuhamisha maji yake hakusaidii sana, kwa sababu bakteria wameshika kwenye sifongo na mchanga.

Kama huna nafasi ya kununua vipimo vyote, nunua cha amonia na cha nitriti, uache mapambo.

Hita na taa ni lazima?

Hita inategemea chumba. Samaki wa kitropiki wanataka nyuzi 24 hadi 27. Nyumba ikikaa humo usiku na mchana, huihitaji. Ukiihitaji, kadiria wati 1 kwa lita, yenye kujizima yenyewe. Izime kabla ya kupunguza maji, kwani ikibaki nje ikiwa ya moto inapasuka. Taa: balbu nyeupe ya LED ya kawaida, masaa 6 hadi 8 kwa siku.

Mimea hai si anasa?

Mimea ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, maana inakula amonia na nitrati na inajizaa. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria na konokono wa kula majani yaliyooza, tangi likajitunza kwa muda mrefu bila kubadilishwa maji. Usimwige kwa kutobadilisha maji, lakini Vallisneria bado ni chaguo zuri. Ongeza Ceratophyllum inayoelea bila mizizi, na Anubias iliyofungwa kwenye jiti. Hiyo usifukie shina lake, litaoza.

Samaki gani, na wangapi?

Kwa lita 45: gapi madume sita hadi wanane, au zebra danio sita hadi wanane, au beta dume mmoja peke yake. Beta ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, hivyo husamehe maji yenye oksijeni kidogo, lakini madume wawili watauana. Danio waweke kundi. Akiwa mmoja anahangaika.

Samaki wa dhahabu hapana. Anakua kupita sentimita 20 na kuchafua maji kama samaki watatu. Pleko anayeuzwa kama msafisha tangi, akiwa na urefu wa kidole, anaweza kufika sentimita 30 na zaidi. Tilapia wadogo wa bwawani wanachimba mchanga na kung'oa kila ulichopanda.

Waingize wachache wachache. Mfuko uelee dakika 15 ili joto lilingane, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha uwatoe kwa wavu. Maji ya mfuko mwaga.

Nawalisha kiasi gani?

Mara moja kwa siku, wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Watakuomba kila ukipita. Usiwasikilize. Samaki mzima aliyeshiba vizuri hukaa wiki bila chakula, hivyo ukisafiri siku tatu usimwachie jirani mkebe mzima. Viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri sana, na gapi huwamaliza. Tangi lisilo na samaki lakini lina maji lifunike, au utawafuga mbu wenyewe.

Maji yameingia ukungu mweupe. Mengine ya kijani.

Ukungu mweupe kwenye tangi jipya ni bakteria wanaoelea. Unapotea wenyewe kwa siku kadhaa, usibadilishe maji kwa hasira. Kijani ni mwani: mwanga mwingi, chakula kingi. Punguza vyote.

Usafi unafanyikaje?

Kila wiki, robo ya maji. Mrija mmoja unatosha: ujaze maji, upande mmoja kwenye tangi na mwingine kwenye ndoo iliyo chini, uvute uchafu juu ya mchanga. Jaza yaliyotolewa klorini na yenye joto linalokaribiana. Kumbuka kuongeza maji yaliyopungua kwa mvuke si kubadilisha maji. Mvuke unatoka, chumvi na nitrati zinabaki. Usioshe kila kitu siku moja, utafukuza bakteria uliowangoja wiki sita.

Gapi wangu wamezaana mpaka siwawezi. Niwapeleke mtoni?

Hapana, wala mimea usiitupe kwenye mtaro. Magugu maji yalianza kusambaa duniani kama ua la mapambo ya bwawa, na gapi waliomwagwa wameweka makao kwenye mito isiyo yao. Jike akipandishwa mara moja huweza kuzaa mafungu kadhaa kutoka kwenye mbegu aliyoihifadhi, takriban kila baada ya wiki nne, kwa hiyo kuondoa madume leo hakukomeshi vifaranga kesho. Anza na madume peke yao. Ukishazidiwa, gawa, au mrudishie muuzaji. Wengi wanapokea bila malipo.